Etelvina na Mtihani wa Macho

Etelvina wa Hatumera alikuwa haoni kwa muda wa mavuno manne ya kahawa, na kijijini hakuna aliyejua. Au tuseme hivi: waliojua walikuwepo, lakini kule milimani jirani hakutangazii ugonjwa wako. Mwenyewe ukinyamaza, naye ananyamaza. Anakuambia tu, "Angalia jiwe hapo, nadhani mvua imelisogeza," ilhali jiwe hilo babu zetu walilikuta papo hapo.

Na kwa kuvunga, mwanamke yule alikuwa hana mpinzani. Jikoni kwake kuni ziko kushoto, chungu kulia, chumvi kwenye kopo lililobonyea. Mahindi na maharage aliyapima kwa kiganja. Akisikia mguu mlangoni anawahi yeye kusalimu: "Karibu Juvita, leo umechelewa," kwa sababu Juvita huburuta kandambili yake ya kushoto. Ukimpa tambuu na popoo anapokea, anaminya, anasifu: "Popoo lako changa hili, umelitoa wapi?" Ungeapa kwamba ameliona. Alichokuwa anaona ni mwanga wa mchana, na kivuli cha mtu kikipita kwenye mwanga huo. Basi. Nyuso za watu zilikuwa zimempotea zamani, akabaki na zile alizozihifadhi kichwani.

Kwa nini afiche? Kwa sababu ya mama yake.

Mama yake alipata upofu Etelvina akiwa msichana. Hakuna aliyemtendea vibaya, hilo lieleweke. Walimtoa kwake, wakampeleka kwa mwanawe mkubwa wa kiume, wakamwekea mkeka pembeni mwa jiko. Akalishwa, akaogeshwa, akafunikwa. Lakini tangu siku ile hakuna aliyemwuliza neno. Nyati auzwe asiuzwe, binti aposwe na ukoo gani, mahari ikubaliwe ama irudishwe, yote yalisemwa mbele yake, naye masikio yake mazima kabisa, na maneno yakampita juu ya kichwa. Akitia neno wanamwambia, "Wewe pumzika, mama." Walimpumzisha hivyo mpaka akafa. Etelvina ndiye aliyekuwa akimlisha, na jinsi mama yule alivyokuwa akifungua mdomo kusubiri kijiko, bila hata kuuliza ni chakula gani, jambo hilo lilimkaa moyoni. Akajiapiza kwamba yeye hatakalishwa mkekani, ng'o.

Sasa, uongo una miguu mifupi. Mwaka huo mwanawe, Anselmo, mtunza ghala huko Dili, mji mkuu, alipanda milimani kwa siku ya marehemu, ile siku ambayo kila mtu hurudi kwao na mishumaa na vikapu vya maua. Wakaenda makaburini. Etelvina akatangulia kwa madaha yake yote, akapiga magoti, akamwaga maua, akawasha mishumaa, akasali kwa machozi. Anselmo akasubiri mpaka mama amalize.

"Mama," akasema, "hilo ni kaburi la mzee Abrão."

Jamani! Abrão na marehemu mumewe walikuwa hawasalimiani kwa ajili ya mpaka wa shamba, na kila mtu alijua.

"Kwani Abrão si mtu wa Mungu?" Etelvina akajibu, bila hata kupepesa macho. "Ana nani wa kumwekea maua, maskini?"

"Ana watoto saba, mama. Wamesimama hapo nyuma yako."

Watoto wa Abrão wakasema asante sana, mama Etelvina. Wangesema nini kingine?

Walipofika nyumbani Anselmo akaketi kwenye kizingiti. "Mama, unaona?"

"Nakuona wewe hapo umenuna."

"Sauti ndiyo unayoiona. Sikiliza. Wiki hii madaktari wa macho wanakuja kituo cha afya pale mjini. Utapimwa. Wakisema unaona, mimi nafunga mdomo. Wakisema huoni, tunashuka wote Dili na nyumba hii tunaifunga. Chumba kipo, mke wangu yupo. Hutabeba maji, hutachuma kahawa. Utapumzika."

Angeweza kusema lolote lile isipokuwa neno hilo la mwisho. Etelvina aliitikia kwa kichwa na kuingia jikoni, na huko akamwaga unga.

Jumapili katekista akatangaza kanisani: kila aliyetimiza miaka hamsini aende akapimwe macho, kutakuwa na karatasi ukutani, mtu ataulizwa, ajibu. Kwa mtu mwingine hayo ni maneno ya kawaida. Kwa wanawake wa Hatumera hayakuwa ya kawaida hata kidogo. Wao walikua katika miaka ya askari wa kigeni walioitawala nchi. Miaka ile mtu mwenye karatasi akikuuliza swali, hukutafuta ukweli; ulitafuta kujua aliyekutangulia kwenye foleni alijibu nini akaachiwa kurudi nyumbani, nawe ukajibu lilelile. Kijiji kizima kilikuwa na jibu moja. Aliyejibu lake aliandikwa jina, na aliyeandikwa jina alipandishwa gari, asirudi. Askari wameondoka, wajukuu wamezaliwa hawawajui, lakini mazoea yale hayakuondoka nao. Watu wa Hatumera wakiona karatasi, wanapeana majibu.

Binamu yake Juvita akapimwa siku ya kwanza, akarudi na majibu yote. "Ni michoro ya machanuo," akaeleza pale kisimani, "kila chanuo na meno matatu. Kijana anagonga kwa fimbo, anauliza meno yanaelekea wapi. Unaonyesha kwa mkono. Unafunika jicho hili, halafu hili. Ni yaleyale."

"Mpangilio wake?"

"Juu, kulia, kulia, chini. Kushoto, juu, chini, kulia."

Wakaliimba jambo lile kwa mahadhi ya litania. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, ndoo zinajaa. Etelvina, aliyewajua watakatifu wote kwa mpangilio bila kumruka hata mmoja, alilishika papo hapo. Aliyeshindwa ni Olandina, shoga yake tangu utoto, ambaye kichwa chake na kukariri vilikuwa mbalimbali. Tangu katekisimu alikuwa akichanganya amri ya sita na ya saba.

"Kushoto, kushoto, juu," Olandina akaimba.

"Umeshakamatwa!" wakamcheka. "Wewe utatuuza wote."

Siku ya kupimwa Anselmo alimsindikiza mama yake mpaka mlangoni mwa chumba. Ndani mlikuwa na nesi kijana aliyechoka, maana foleni ilizunguka jengo. Etelvina akavuta kitambaa mpaka kwenye nyusi, akawekwa pa kusimama. Fimbo ikagonga, ko. Akainua mkono juu. Ko. Kulia. Ko. Kulia. Hakukosea hata moja. Akabadilisha jicho, akaimba kimoyomoyo kwa mara ya pili, mkono ukienda na wimbo. Nesi alikuwa akitazama ukuta wake na karatasi yake. Katika chumba kile cha macho hakuna aliyemtazama bibi yule machoni.

"Safi sana, bibi!" nesi akasema. "Mimi mwenyewe sikufikii. Nenda nyumbani. Anayefuata!"

Alipotoka, Anselmo alimkumbatia. "Nisamehe, mama. Nilikufikiria vibaya."

"Nimekusamehe," Etelvina akasema, na akatembea kwa fahari mpaka akajikwaa kwenye ngazi. Akasema ni kosa la viatu.

Olandina alifeli. Alionyesha kushoto pa kulia na chini pa juu, na alipoulizwa tena akaanza kulia. Jina lake likaandikwa. Wenzake nje waliposikia wakashika vichwa. "Wamemwandika! Nilisema mimi, kichwa kile!" Walipomwona anafungwa kitambaa mkononi chenye namba na kuketishwa kwenye benchi la wanaokatwa macho, wakaagana naye kwa machozi, wakarudi mlimani. Juvita akajitolea kumlishia nguruwe wake.

Siku mbili baadaye, jua likiwa utosini, Etelvina alikuwa akikaanga kahawa aliposikia hatua mlangoni. Hakuzitambua. Zilikuja haraka, zinakanyaga kwa uhakika, hazipapasi. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo hakuwahi yeye kusalimu.

"Nani?"

Kicheko. "Kumbe! Etelvina, nguo yako umeigeuza. Mishono yote nje."

"Olandina? Mbona unatembea hivyo?"

"Natembea kama mtu anayeona njia. Loo! Hebu geuka. Masizi shingoni. Na hicho chungu, mama wee, kina nzi! Tangu lini tunakula nzi kwako?" Akaketi, akamshika magoti. Sauti ikabadilika. "Dakika chache tu, shoga yangu. Sindano moja, hata nyuki wanauma zaidi. Wanatoa kile kitu, mtoto wa jicho, wanatia kigae kidogo kisafi. Asubuhi wakafungua. Nilimwona mume wangu. Nikasema huyu mzee ni nani?"

Etelvina akaacha kukoroga kahawa. "Mimi nilifaulu," akasema.

"Ulifaulu nini, mwanamke? Mtihani ule anayefeli ndiye anayeponywa!"

Kahawa ikaanza kuungua. Olandina akaiepua mwenyewe, kwa mkono ulioijua njia moja kwa moja.

"Wanaondoka kesho asubuhi," akaendelea. "Wakirudi ni mwaka ujao, Mungu akipenda na barabara ikipitika. Nenda kawaambie."

"Nikawaambie, na Anselmo akisikia? Anashuka kesho hiyohiyo. Atanipakia na mimi."

"Watakutibu, hatakupakia."

"Na kama langu si mtoto wa jicho? Kama ni lile la mama, lisilotibika? Nitakuwa nimejipigia mbiu mwenyewe, mbele ya mwanangu, na sioni, na nyumba imefungwa. Umenielewa, Olandina? Nitakuwa nimejimaliza kwa mdomo wangu."

Olandina akaanza, "Mficha maradhi..."

"Usinimalizie methali nyumbani kwangu!" Etelvina akafoka, na hapo ndipo machozi yakamtoka, ya hasira na ya woga pamoja.

Kesho yake ilikuwa siku ya soko. Etelvina akamsindikiza Anselmo mjini, akishika mkono wake kwa kisingizio cha matope. Lori la Dili lilikuwa linapakia mboga. Ng'ambo ya uwanja, pale kituoni, aliwasikia watu wa macho wakifunga masanduku. Vyuma vinagongana, dereva anahimiza. Anselmo akambusu mkono, kama ada. "Basi, mama. Nashuka moyo ukiwa mweupe. Madaktari wamesema."

Angenyamaza hapo, mambo yote yangebaki yalivyo. Nyumba ingekuwa yake, kahawa yake, kuvunga kwake. Alisimama pale, mkono wa mwanawe ukiwa bado mkononi mwake, akasikia sanduku jingine likifungwa.

"Nipeleke pale," akasema.

"Wapi?"

"Kwa watu wa macho. Nipeleke kabla sijabadili nia."

Yule nesi kijana alimtambua. "Ah, bibi wa macho ya tai! Umekuja kutuaga?"

"Nilikudanganya," Etelvina akasema. "Sioni."

"Bibi, wewe ulipata yote."

"Sikuona hata moja. Sijui hata ukuta wako uko upande gani." Na kwa vile kijana alikuwa bado anacheka, akafunga macho akaimba, kwa mahadhi ya litania, mkono ukienda: "Juu, kulia, kulia, chini. Kushoto, juu, chini, kulia."

Kicheko kikaisha. Anselmo aliachia begi, likaanguka. Nesi akageuka kuutazama ukuta ambako karatasi ilikuwa imeshabanduliwa, kana kwamba ipo.

"Huo wimbo," akauliza taratibu, "unajulikana na wangapi?"

Sokoni palikuwa karibu, na watu wetu hawana dogo. Walikuwa wameshajaa uwanjani na vikapu vyao. Hakuna aliyejibu. Etelvina alisikia ule ukimya na akadhani ameachwa peke yake. Halafu akasikia kandambili inaburutwa, ya kushoto.

"Mimi jicho moja haliko," Juvita akasema. "Na hili jingine linafuata."

"Na mimi," akasema mwingine kwa nyuma, mnong'ono. "Natwanga kwa kubahatisha." Na mwingine akaja, akasimama tu karibu na Etelvina, bega kwa bega. Wakafika sita. Wote wanawake. Wote walikuwa wamefaulu.

Daktari akatoka kuangalia kelele za nini. Alikuwa mwanamke wa huko huko kwetu, mfupi, aitwaye Zélia, na alipoelezwa aliuma midomo. "Uliwatazama macho," akamwuliza nesi, "au ulitazama mikono?" Kijana akainamisha kichwa. Daktari akavuta pumzi. "Na mimi nilitia saini. Juzi nikashangaa, nikasema Hatumera wanawake wana macho mazuri kuliko waume zao, ajabu gani hii." Akamgeukia dereva. "Shusha masanduku."

"Daktari, mvua ikinyesha hatuvuki mto."

"Shusha, nimesema! Mwenye pesa mjini akiona ukungu kidogo tu anapanda ndege kwenda kutibiwa ng'ambo. Hawa mpaka wagonge ukuta, na wakigonga wanaomba radhi. Shusha!"

Wakashusha. Etelvina akaketishwa wa kwanza, na daktari akamwinua kidevu kwa vidole viwili, akammulika. Jicho la kulia alilitazama muda mrefu mno.

"Hili limekwenda, mama," akasema mwishowe. "Ni presha ya macho, imeua mshipa. Ningekupata miaka mitatu nyuma tungelizuia kwa matone." Hakulizungusha, na Etelvina alimshukuru kwa hilo. Miaka mitatu. Mwaka ule madaktari walikuja pia, naye alijifanya amekwenda kuchuma majani ya mihogo mpaka walipoondoka. Mwanga ukahamia kushoto. Etelvina alishika kiti kwa mikono yote miwili, akasikia pumzi ya Anselmo nyuma yake.

"Hili ni mtoto wa jicho. Limekomaa, gumu, lakini linatoka. Utaona kwa hili."

Lori la Dili liliondoka bila Anselmo. Alikesha uwanjani na jamaa za wale wengine, wakinyeshewa, na asubuhi akaruhusiwa kuingia mama yake alipokuwa anafunguliwa.

Pamba ikatoka. Kwanza ulikuja mwanga mwingi, machozi, halafu vitu vikasimama mahali pake. Mbele yake alikuwa amechuchumaa mwanamume. Kichwani Etelvina alikuwa na Anselmo wake, kijana mwenye nywele nyeusi na mashavu. Huyu alikuwa na mvi juu ya masikio, amekonda, amevaa shati lililolowa, macho mekundu kwa kulia au kwa kukesha. Alihesabu haraka miaka aliyokosa kumwona akizeeka, akaumia kuliko alivyoumia kwa jicho la kulia.

"Unaniona, mama?"

"Nakuona. Mkeo hakupikii?"

Wagonjwa wengine wakacheka. Anselmo hakucheka. Alimshika mikono yote miwili.

"Jicho zima limekufa, mama, umekaa kimya. Askari walishaondoka. Kule kijijini nani angekudhuru? Niambie tu nijue. Ulikuwa unamwogopa nani?"

Etelvina alimtazama. Miaka yote hiyo alikuwa akijibu kwa haraka, neno likiwa tayari kabla swali halijaisha, kwa kuwa ndivyo mtu anavyovunga. Safari hii alichukua muda wake, akamtazama sawasawa, usoni.

"Wewe," akasema. "Nilikuogopa wewe, mwanangu, na wema wako."